Kwa Nini Nimeishusha Injini Leo

Mwanangu Zuwena,

Salamu tulishapeana mchana, ingawa yako ilitoka kwenye ncha ya mdomo, kwa hivyo niziache na niingie moja kwa moja kwenye jambo lililokuudhi. Kesho asubuhi unahama nyumbani. Unakwenda kuanza kazi ya ukunga kwenye kituo cha afya huko Bwejuu, na utakaa katika nyumba ya marehemu bibi yako. Baba yako, ambaye wiki nzima alikuwa akijisifu kwa kila anayepita dukani kwake kwamba atakupeleka mwenyewe kwa gari lake, leo asubuhi amelipeleka gari hilo hilo gereji kule Amani na kuishusha injini. Hivi ninavyoandika, injini imelala juu ya gunia na pistoni zake nne zimepangwa ndani ya beseni la kufulia. Wewe utaondoka kwa pikapu ya mjomba wako Simai, na godoro lako na ndoo zako nyuma, kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Mchana uliniuliza mbele ya mama yako, "Baba, ndo umeshindwa kungoja siku mbili tu?" Nilijifanya natoa miba kwenye sahani. Tulikuwa tunakula pweza, na nadhani uliona.

Jawabu ninalo, ila ni refu na halikai mdomoni. Mimi ni mshona kanzu. Miaka thelathini nimezungumza na watu huku nimeinamisha kichwa kwenye cherehani, na la maana siwezi kulisema isipokuwa hivyo hivyo, nikiwa simtazami mtu. Ndiyo maana baada ya isha nimekuja kukaa hapa barazani na daftari la vipimo vya wateja. Ukikuta nyuma ya karatasi hii urefu wa mkono wa mtu usiyemjua, usishangae. Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kula kwa wakati sitayagusa. Mama yako amekwambia hayo siku kumi mfululizo, na anaililia Bwejuu kama wenziwe wanavyolilia watoto waliokwenda Ulaya. Mimi nataka kukusimulia habari ya injini ya kwanza, ile iliyotufia njiani. Nusu yake unaijua vizuri kuliko mimi.

Gari lile nililinunua kabla hujaanza shule. Hata siku hiyo halikuwa jipya, watu wawili walikuwa wameshalichosha kabla yangu. Lakini hapa petu Mkunazini vichochoro havipitishi gari, mwenye nalo hulilaza nje kule barabarani, na gari la mtu mmoja huwa la mtaa mzima. Bibi harusi akitaka kupelekwa kwa mumewe, gari la Khamis. Mtoto akitoka kutahiriwa, gari la Khamis. Maiti akienda kuzikwa shamba na wazee wakitaka pa kukaa, gari la Khamis. Na mimi unanijua, ni mtu wa muhali. Mtu akiniomba kitu huku ananitazama usoni, neno hapana hunikwama kooni. Na sikufichi, nililipenda pia. Nilipenda kusikia jina langu likiitwa madirishani.

Siku moja nilimpelekea Fundi Makame abadilishe plagi. Ni huyu huyu wa Amani, ila wakati huo ndevu zake zilikuwa nyeusi. Aliliwasha gari, akafungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, na moshi ukawa unatoka pale kwa pumzi pumzi. Akazima. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaisugua oili baina ya kidole gumba na cha shahada, akanigeuzia kidole juani. Kilikuwa kinang'ara. Vilikuwa vichembe vya chuma, vidogo kuliko chumvi.

"Unaona hii?" alisema. "Hii beringi inajila yenyewe. Juu ringi za pistoni zishakwisha, ndo maana inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Lakini juu si neno. Huku chini ndo kunakotisha. Niachie wiki tatu niishushe, Khamis. Saa hizi n'natengeneza. Ukichelewa, n'tazika."

Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Unazijua harusi za Shaabani, watu wanaoa kama kwamba Ramadhani ikiingia ndoa hazitafungwa tena duniani. Nilikuwa nimeshaahidi harusi tatu. Nikamwambia Makame, baada ya harusi. Ramadhani ikaingia, nikaona nani atawapeleka watu kwenye futari za jamaa zao, nikasema baada ya Idi. Idi ikapita, zikaja harusi za Mfunguo Mosi, mwezi huo huo wa Idi. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya heshima. Sikuahirisha hata mara moja kwa jambo la aibu, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani maadamu ninawafanyia watu wema, injini nayo itanistahi.

Nikawa naitilia oili nzito. Fundi mwengine ndiye aliyenifundisha, si Makame. Oili nzito hunyamazisha injini. Ile inayogonga huwa kama imetulia, moshi hupungua, nawe unajiambia kumbe halikuwa jambo. Galoni ya oili ilihamia kwenye buti la gari, na kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nikiongeza kidogo. Mama yako aliiona akaniuliza. Nikamwambia ni akiba.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Alasiri nilikuwa nakupeleka chuo cha Kurani, unakaa nyuma na juzuu yako mapajani. Siku moja ukaniambia, "Baba, kuna mtu anabisha hodi huku chini." Nikacheka. Siku ya pili ukarudia, na safari hii hukuwa na mzaha. "Baba, anabisha ukikanyaga mafuta. Ukiachia, ananyamaza."

Zuwena, hivyo hivyo ndivyo alivyonieleza Fundi Makame. Beringi za chini zikichoka, injini hugonga ikibebeshwa kazi, na ukiipumzisha hunyamaza. Mtoto wa miaka tisa, hajawahi kushika spana, amelijua kwa sikio lake. Nami nikafanya nini? Nikafungua redio. Tangu siku hiyo redio ya gari lile haikuzimwa. Umeniuliza mara ngapi kwa nini napenda taarabu kwa sauti kubwa namna ile? Siipendi, mwanangu. Sijapata kuipenda.

Asubuhi ile ya Alhamisi unaikumbuka. Mjomba wako Simai alipiga simu kutoka Bwejuu baada ya alfajiri. "Bi mkubwa hali yake si nzuri. Anamuulizia mkeo Mwanajuma. Njooni." Mama yako hakulia. Alitia uji wa mtama kwenye chupa, uji ambao bibi yako akiupenda, akavaa buibui, akasema twende. Saa moja tulikuwa njiani. Nilikanyaga mafuta kuliko siku zote. Tulipofika Tunguu nilitazama kwenye kioo nikaona moshi umeifunika barabara nyuma yetu, na taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzimika. Nikaongeza sauti ya redio. Mama yako alikuwa akivuta uradi. Alinigeukia akanitazama, hafahamu ni mtu gani anayefungua taarabu siku kama ile.

Tulikuwa tumeshaupita msitu wa Jozani, hatujafika Kitogani, ndipo ilipopasuka. Mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa ubavu wa injini, na oili yote ikamwagika barabarani. Ilikuwa saa mbili kasoro robo. Kutoka pale mpaka mlangoni kwa bibi yako ilikuwa imebaki nusu saa.

Ulishuka pamoja nami. Nilipofungua boneti nikaona tundu la kupitisha ngumi, na wewe uliliona. Mama yako akauliza kutoka ndani, "Kuna nini?" Ningeliweza kusema. Maneno yenyewe mafupi: injini imekufa, imekufa kwa sababu yangu, shuka tusimamishe gari jengine. Badala yake nikasema, "Mkanda tu. Mkanda umekatika." Ukafungua mdomo, ukaanza, "Baba, si yule aliyekuwa..." Nikakushika mkono, nikakubana.

"Mkanda, sivyo, Zuwena?"

Ulilitazama tena lile tundu. Kisha ukasema, "Naam, baba."

Jambo ninalotaka ulijue ni hili, kwa sababu pengine ulikuwa mdogo mno kulipima. Injini haikutuchelewesha. Asubuhi ile magari yalikuwa yakipita. Kilichotuchelewesha ni ule mkanda nilioutunga. Mtu aliyekatikiwa na mkanda halitupi gari lake njiani, hufunga mkanda mwengine akaendelea na safari. Basi ikanilazimu nionekane ninafunga. Nilivua shati nikalala chini ya gari lililokwisha kufa, nikawa napiga chuma kwa spana ili mama yako asikie kazi inafanyika. Magari mawili yalisimama. La kwanza lilikuwa basi dogo la wageni, na dereva wake alisema ana nafasi tatu mpaka Paje, jirani na Bwejuu. Nikamwambia, "Ahsante, tunamaliza sasa hivi." Wa pili nikamwambia hivyo hivyo. Mama yako alipouliza, nikamjibu kuwa wote wanaishia Kitogani. Ulikuwa umesimama hapo karibu, umeshika bisibisi niliyokupa ushike. Ulisikia yote.

Baada ya saa moja na nusu mama yako alishuka. Alikwenda akasimama katikati ya barabara na buibui lake, akanyoosha mikono yote miwili, akaisimamisha pikapu ya mboga iliyokuwa ikienda hotelini. Akakupandisha juu ya magunia ya kabeji, akapanda na yeye, chupa ya uji kifuani. Ndipo akanitazama. "Baki na mkanda wako," alisema.

Mlifika saa nne. Bibi yako alikuwa amekata roho robo saa kabla. Uso wake ulikuwa bado una joto, mama yako aliugusa. Wanawake waliokuwemo chumbani, wakidhani wanamliwaza, walimwambia kuwa marehemu aliulizia mpaka mwisho, "Mwanajuma keshafika?" Lile basi la wageni lingelimfikisha kabla ya saa tatu. Angelikaa na mama yake saa nzima, pengine angelimnywesha na uji.

Sasa ni miaka kumi na nne. Mama yako ameisimulia habari ile kwenye kila hitima na kila mkusanyiko wa jamaa, na kila mara humalizia maneno yale yale: "Mkanda tu, kitu kama uzi. Mungu akitaka lake, hata mkanda unatosha." Aliliwazika kwa mkanda ule. Haukuwa na mkosaji. Na kila anapousimulia, mimi natazama mlango na wewe unatazama sahani yako. Ulipokuwa mkubwa kidogo ukaacha hata kukaa. Akianza tu, unainuka kwenda kuosha vyombo. Wageni wakikusifu kwamba binti huyu mchapakazi. Mimi nilikuwa najua kwa nini vyombo vya nyumba hii vinaoshwa watu hawajamaliza kula, na nilinyamaza. Nimekuonea huruma miaka yote hiyo, Zuwena, lakini huruma ya mtu aliyekaa kimya haikukusaidia kitu.

Fundi Makame alinitafutia injini nyengine iliyokwisha tumika, akaifunga. Aliniambia tufungue na giaboksi, klachi na difu ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu vyote vimechakaa pamoja na injini ile na havitastahimili nguvu ya nyengine. Nikakataa. Kufungua vyote kungechukua muda, na mama yako angeuliza mkanda gani unaofungwa miezi miwili. Haukupita mwaka klachi ikaisha, na giaboksi ikawa inaitema gia ya tatu kila nikipanda mwinuko. Makame hakunicheka. Alinieleza tu kwamba nguvu mpya ikitiwa kwenye vyuma vilivyochoka hutafuta palipo dhaifu ikapavunja. Hata kwenye injini yenyewe ni hivyo, ukitia ringi mpya juu ukaziacha beringi kuukuu chini, umeiharakishia kifo. Nililijua hilo la gari tangu siku ile. La nyumbani sikulitazama.

Kisha nikawa mwoga wa upande wa pili. Kila mlio niliuona msiba. Asubuhi gari likitoa moshi mweupe, mvuke wa kawaida ambao huisha injini ikipata joto, mimi mbio Amani. Siku moja nikasikia kitu kinagonga nyuma kila nikikata kona, nikamshikilia Makame aifungue difu. Akasema difu haigongi hivyo. Nikamwambia fungua. Akaifungua, akapekua jino moja moja, yote mazima. Kisha akaenda kimya kimya akafungua buti. Ilikuwa nazi, mama yako aliisahau siku ya soko. Mpaka leo nikiingia gereji ile vijana huniuliza, "Mzee Khamis, nazi hazijambo?"

Kwa hivyo sikusimulii haya ili uogope kila hodi. Makame hafungui injini kwa dalili moja. Hutazama kama dalili inarudi, kama inazidi gari likipakiwa mzigo, na kama dalili nyengine zinasema maneno hayo hayo. Moshi wa buluu peke yake humwambia angoje. Moshi wa buluu, na oili inayopungua, na kidole kinachong'ara, hapo hunyanyuka. Hata hapo hupima kwanza nguvu ya kila silinda, na ile iliyo dhaifu huitia kijiko cha oili akaipima tena. Ikipanda, amejua ni ringi. Isipopanda, hutafuta kwengine. Nimekaa naye sana kwenye kibao chake cha gereji, na nimeona kwamba haoni haya kusema sijui. Lakini akishajua, hangoji harusi ya mtu.

Mimi nina kipimo changu kimoja tu, nacho ni redio.

Jumamosi iliyopita nilikuwa narudi kutoka kukununulia godoro. Nimekanyaga mafuta nipite baiskeli, nikasikia. Hodi ndogo, ya mbali, ambayo mtu mwengine asingeisikia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye redio. Nilikuwa nimeshashika kitufe. Nilisimamisha gari pembeni na godoro lako juu ya paa, nikakaa pale mpaka wenye magari wakaanza kunipigia honi. Kisha nikageuza nikaenda Amani.

Makame siku hizi masikio yake hayasikii vizuri. Huchukua mwiko wa mbao, ncha moja akaiweka kwenye injini na nyengine akaitia sikioni. Akasikiliza, akafumba macho. Akapima silinda, mbili zilikuwa zimeshuka. Akanionesha kidole chake.

"Ni ile ile, Khamis."

"Bwejuu itafika?" nikamuuliza.

"Itafika. Pengine itafika na kurudi. Pengine itakwenda mwaka mzima. Mie sijui, na weye hujui."

Basi hilo neno "itafika" ndilo nililoondoka nalo, nikalala nalo siku tatu. Lilikuwa linanitosha kabisa. Ningekupeleka kwa heshima, mtaa mzima ungetuaga, na injini ningeishusha wiki ijayo. Kisha nikajiona niko barabara ile ile, baada ya Jozani, mama yako kando yangu na wewe nyuma, nami natega sikio kama itafika, na redio imefunguliwa. Na wewe nyuma unasikia. Hakika ungelisikia kabla yangu. Na ungelinyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Ndipo leo asubuhi nikalipeleka. Nimemwambia Makame safari hii afungue vyote, injini, klachi, giaboksi na difu, na asinifiche kitu. Itachukua miezi miwili. Jirani mmoja tayari ameshaniulizia gari la harusi, nikamwambia halipo. Nilitokwa na jasho, lakini nilimwambia.

Limebaki la mama yako. Leo baada ya magharibi alikuwa jikoni anapika mkate wa kumimina wa wewe kwenda nao. Akaniuliza bila ya kugeuka, "Baba Zuwena, hebu nambie, gari ina nini hasa hata umuache mtoto aende na pikapu?" Wallahi, Zuwena, neno mkanda lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia yote. Oili nzito, redio, tundu la kwenye injini, spana niliyokuwa nikipiga bure, dereva wa basi na zile nafasi zake tatu. Nikamwambia na mkono wako nilioubana. Alikuwa amesimama na bakuli la unga mkononi, amenipa mgongo. Alizima jiko mkate haujaiva. Nilingoja alitaje jina la mama yake.

"Zuwena alikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

"Ukambana mkono."

"Nilimbana."

"Miaka kumi na nne mwanangu anakaa na hili moyoni, na mie kila siku n'namsimulia mkanda."

Akaliweka bakuli, akafuta mikono, akaja chumbani kwako. Wewe ulidhani ni uchungu wa safari. Nilikuwa ukumbini, nilimwona akikaa kitandani na kukuvuta kichwa mapajani, akakufumua nywele zote na kuanza kukusuka upya, huku machozi yanamtoka. Nilikusikia ukimwambia, "Mama, si mbali, n'takuja kila mwezi." Hakuwa akililia Bwejuu, mwanangu.

Nami nina hofu yangu moja, niiseme kabla karatasi haijaisha. Huko uendako kutakuja wanawake watakaokwambia hawana kitu, wamechoka tu. Utasikia hodi huko chini, maana sikio hilo ulizaliwa nalo. Na kutakuwa na mkubwa wako kazini, mtu mzuri tu, mwenye haraka au mwenye aibu zake kama zangu, atakayekutaka useme ni jambo dogo. Naogopa kwamba mkono wangu bado umeushika wa kwako. Naogopa utasema naam.

Hapa nilikuwa nimefika na kuiweka kalamu, mama yako akatoka na kikombe cha chai. Ndiyo mara yake ya kwanza kunikaribia tangu jikoni. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nshamaliza. Akazichukua karatasi akazisoma kwa kusimama, chini ya taa ya mlangoni, midomo inamcheza. Alipofika kwenye nazi hakucheka. Akanirudishia.

"Umemwandikia oili, umemwandikia nazi, umemwandikia redio," akasema. "Radhi hujamuomba."

Nikamwambia kesho asubuhi yeye ndiye atakayekuja kutuomba radhi sisi wazee wake, ndiyo ada ya anayeondoka.

"Ndo maana uandike leo," akasema. "Asije akapiga magoti mbele yako kwa kosa lako."

Amesimama hapa, anaingoja karatasi akupelekee. Kwa hivyo, Zuwena, kabla hujaja kutushika mikono kesho:

Haukuwa mkanda. Injini ilikuwa inagonga, na wewe ulisikia sawasawa. Niwie radhi, mwanangu.

Baba yako,
Khamis